Meya wa Mji wa Vifungo

Orrin Vandeveer alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na baba yake alimzaba kofi kwanza ndipo akamfunga kitambaa. Aliniambia hayo mwenyewe, mwaka ule wa kwanza nilipoajiriwa kupiga chapa ofisini kwake, na aliyasimulia kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya stesheni. Msumeno ulikuwa mali ya kiwanda, damu ilikuwa imeingia kwenye mashine, na msimamizi alikuwa anatazama. Mzee Cass alimpiga mwanawe ili msimamizi asiwafukuze wote wawili. Halafu akavua kitambaa cha shingoni, akamfunga mkono, akarudi kukata vifungo.

Hapa Corley kila mtu alikata vifungo. Kome walivuliwa mtoni Mississippi, wakachemshwa kwenye mapipa ufukweni, nyama wakapewa nguruwe, na maganda yakapelekwa kiwandani kutobolewa vipande vya duara vya vifungo. Maganda yaliyobaki, yenye matundu matupu, tuliyamwaga barabarani badala ya kokoto. Ukianguka juu yake unachanika goti hadi mfupa uonekane. Na watu walianguka sana, kwa sababu walipigana sana. Baba yangu mwenyewe alikuwa na kovu la ganda shavuni, na hakuna aliyewahi kumuuliza amelipata wapi.

Majira ya baridi yaliyofuata, msimamizi yule alimpita Cass kwenye mashine yake na kusema kwamba mtoto wake sasa atafaa kuhesabu hadi nane tu. Wenzake wakacheka. Cass alishika nondo ya kusukumia makaa akamvunja mfupa wa bega. Alipofikishwa mahakamani akapewa wakili, na wakili huyo, kwa maneno ya Orrin, alikaa mwanzo hadi mwisho akisafisha kucha kwa kisu kidogo. Hakuuliza swali hata moja. Cass alikwenda jela miaka mitatu. Mama yake Orrin alikufa katikati ya miaka hiyo, na kijana akalelewa na mji mzima, yaani bila mlezi. Alilala stoo za samaki, akapigana na watoto wa wavuvi, akajifunza kupiga ngumi kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haukukunjika vizuri.

Alipofika miaka kumi na saba alimwendea wakili mzee mmoja, mlevi, aitwaye Pruitt, akamwambia, "Nitakufagilia ofisi na kukubeba nyumbani ukilewa. Wewe niache nisome vitabu vyako."

Pruitt akamtazama ule mkono. "Utashikaje kalamu?"

"Kama ninavyoshika shingo ya mtu."

Hivyo ndivyo alivyopata uwakili. Pruitt alipokufa, ofisi ikabaki kwake, juu ya duka la viatu, na mwaka 1909 nikaingia mimi, Adela Krause, binti wa mkata vifungo, na taipureta ya kukodi.

Nilimkuta mtu mrefu, mwenye pua iliyovunjika mara mbili, mwenye sauti ambayo ungeifuata popote. Alikuwa akiwatetea wavuvi waliochomana visu kwa ajili ya sehemu za kuvulia kome, wanawake waliowamwagia waume zao maji ya moto, watu wa aina hiyo. Hakuzungumza na wazee wa baraza, wale raia wanaoamua kesi, kama msomi. Aliegemea ule ukuta mfupi wa mbao uliowatenga na watu wengine, akawaambia, "Nyie mnamjua huyu. Mmemwona amelewa, mmemwona hajalewa. Haya, niambieni, huyu ni mtu wa kuvizia?" Nao wakamwachia mtu wake aende zake. Watu walimwita Vidole. Mtu akikamatwa, mkewe alikuwa akikimbia barabarani akiuliza, "Vidole yuko wapi?"

Mwaka 1911 wakata vifungo waligoma. Wenye kiwanda walileta walinzi kutoka Saint Louis, watu wenye makoti yanayofanana, wakiwa na marungu. Mmoja wao aliitwa Lute Grissom. Alikuwa kijana mpana, mtulivu, asiyekunywa, na rungu lake lilikuwa na kichwa cha chuma alichokichongesha kwa fundi. Wiki ya tatu ya mgomo, mchana kweupe, mkata vifungo aitwaye Emil Niemeyer alisimama mbele ya geti la kiwanda akiwa ameshika bango. Grissom alimwambia aondoke. Emil akasema, "Barabara hii nimeijaza mimi kwa maganda yangu." Grissom akampiga nyuma ya sikio. Emil akaanguka kifudifudi. Alipogeuzwa alikuwa amekwisha kufa, na nyuma ya sikio palikuwa na alama iliyopinda kama mwezi mchanga.

Bertha, mke wa Emil, aliona kila kitu kutoka kwenye mlango wa duka la mikate alilofanyia kazi, ng'ambo ya barabara. Alikuwa na mkate wa mumewe mkononi. Wengine waliokuwapo walikimbilia kila upande walinzi walipoanza kupiga, na walipoulizwa baadaye, kila mmoja alikuwa ameona kisogo cha mwenzake tu.

Mji mzima ulitegemea Vidole angesimama upande wa mgomo. Nami nilitegemea hivyo. Ndipo Grissom alipoletwa ofisini kwetu akiwa na pingu, na Bwana Vandeveer akaniambia niende nikanunue kahawa na nisiharakishe. Niliporudi alikuwa akinawa uso kwenye beseni.

"Utamkataa?" nikamuuliza.

"Wameshamkataa wote. Hakuna wakili mwingine hapa anayethubutu kumgusa."

"Basi si ndiyo vizuri?"

Akajifuta uso polepole. "Adela, mimi nimekaa mahakamani nikiwa na miaka kumi na mbili nikimtazama mtu asiye na wa kumsemea. Sitaki kuiona tena hali ile. Hata kwa huyu."

Nilimwamini, na bado naamini alisema kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba alipenda kushinda, na kesi kubwa kuliko ile ilikuwa haijawahi kufika Corley.

Shahidi aliyekuwa na uzito alikuwa Bertha peke yake. Alisimama kizimbani akiwa amevaa gauni jeusi la kuazima, akaeleza aliyoyaona. Bwana Vandeveer hakumpazia sauti. Alirudi nyuma hadi kwenye mlango wa mahakama, mbali kama upana wa barabara ile, akainua mkono wa kulia.

"Mama Niemeyer, unaniona?"

"Nakuona."

"Nimenyoosha vidole vingapi?"

Yule mama alikuwa ametoka kumzika mumewe, na watu mia mbili walikuwa wanamtazama. Aliona kiganja kilichofunguliwa, hakukumbuka kwamba kilikuwa na vidole vitatu. Akasema, "Vitano."

Mtu mmoja akacheka, halafu wakacheka wengi, hata wakata vifungo wenyewe, kicheko kile cha mtu aliyeshtuliwa. Bertha aliangalia huku na huku bila kuelewa. Alipoelewa alijifunika uso. Wazee wa baraza walimwachia Grissom siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha jioni.

Mzee Cass alikuwa akimngoja mwanawe uani nyuma ya ofisi. Alikuwa amerudi kukata vifungo baada ya jela, na mgomoni alikuwa mmoja wa walioshika mabango. Mimi nilikuwa dirishani.

"Nimesikia umewachekesha watu," alisema.

"Nimefanya kazi yangu, baba. Kila mtu anastahili wa kumsemea. Hilo nimejifunza kwako."

"Mimi sikukufundisha kumcheka mjane."

"Sikumcheka."

"Ulimwonyesha mkono uliokatwa na mashine yao, ukautumia kumwokoa mbwa wao." Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya pipa. "Weka mikono juu, kijana. Sipendi kumpiga mtu aliyeiachia chini."

Orrin hakuinua mikono. Cass alimpiga tumboni, kisha mdomoni, kisha alipoinama akampiga nyuma ya shingo, na alipoanguka juu ya maganda akampiga teke la ubavu. Alipiga kama anavyofanya kazi, bila pupa, bila matusi. Nilishuka ngazi nikipiga kelele waachane. Mzee alinitazama, akachukua koti lake, akaondoka. Nilimwosha Bwana Vandeveer magoti kwa maji ya chumvi. Alikuwa na vipande vya maganda hadi kwenye viganja. Alisema tu, "Bado ana nguvu, yule mzee."

Baada ya hapo wateja wetu walikuwa watu wa aina nyingine. Wenye kiwanda walimpa kazi, benki ilimpa kazi, na akaoa mwanamke mpole aitwaye Ione, binti wa daktari wa meno. Mgomo ulikuwa umevunjika. Grissom hakurudi Saint Louis; alivalishwa sare ya polisi wa mji wetu. Mto ulipofurika mwaka 1916, Bwana Vandeveer alisimama kwenye tuta siku mbili akibeba magunia ya mchanga pamoja na watu waliokuwa wakimtemea mate, na mmoja alipomtupia sepetu alimpiga ngumi ya kushoto, akamwinua, akampa gunia jingine abebe. Watu waliipenda habari hiyo. Mwaka uliofuata walimchagua kuwa meya, nami nikahamia naye kwenye ukumbi wa manispaa.

Alikuwa meya mzuri. Nasema hivi nikijua yatakayofuata. Alijenga tuta la saruji, alileta maji ya bomba hadi mitaa ya chini, alikilazimisha kiwanda kufunika misumeno yake. Lakini mji ulikuwa mkali. Vita vya Ulaya viliwarudisha vijana wakiwa na tabia ya kulala na bastola, na pombe ilipopigwa marufuku wavuvi wakaacha kome wakaanza kuvusha wiski. Walipigana risasi kwenye visiwa. Maiti zilikuja zikielea hadi kwenye ngazi za gati, na mara moja ilikuja mikono tu, imefungwa kwa waya. Bwana Vandeveer alimfanya Grissom kuwa mkuu wa polisi.

Nilimwambia siipendi.

"Nahitaji mtu wanayemwogopa," akasema.

"Nami namwogopa, na sijavusha hata chupa moja."

"Basi anafanya kazi yake. Piga chapa, Adela."

Na kweli risasi zilipungua. Ukatili ulihamia kwenye mahabusu ya mji, chini ya ukumbi wetu wa manispaa, ambako haukuhitaji risasi. Tulisikia. Ofisi ya meya ilikuwa ghorofa ya pili, na bomba la mvuke lilipandisha sauti. Kulikuwa na kishindo fulani, kama mtu anayekung'uta zulia, na baada yake mtu alikuwa akilia akimwita mama yake. Bwana Vandeveer alikuwa akiinuka na kufunga dirisha, ingawa sauti haikutoka dirishani. Watu walitoka mle wakitembea kama wazee. Mmoja alitoka bila meno ya mbele, akaenda moja kwa moja akajitupa mtoni. Aliokolewa, akakamatwa kwa kuvuruga amani, akarudishwa mle mle.

Mwaka 1921 walimkamata Karl Niemeyer, mtoto wa Bertha, kijana wa miaka kumi na minane, akiwa na mashua yenye wiski. Grissom alitaka kujua mwenye mzigo. Karl hakusema. Asubuhi ya siku ya pili mkuu wa polisi alipanda ofisini, kofia mkononi, akaripoti kwamba mfungwa ameteleza kwenye ngazi akafa.

"Ngazi zipi?" aliuliza meya.

"Zile za chini."

"Ziko tatu tu."

"Aliteleza vibaya," akasema Grissom, akashuka.

Meya hakufanya kitu. Alikaa akitazama meza. Saa sita mchana Bertha Niemeyer aliingia bila kubisha. Alikuwa amenenepa, bado na aproni yenye unga wa duka la mikate, na usoni alikuwa na miwani ya vioo vinene.

"Pole sana, Mama Niemeyer," alisema meya, akisimama.

"Sikuja kuchukua pole. Simama hivyo hivyo, twende."

"Wapi?"

"Kwangu. Miaka ile uliwaambia watu sikuona. Sasa nimevaa miwani, nimeona tena. Nataka na wewe uone."

Tulikwenda naye, meya na mimi, tukipita katikati ya mji, na watu walitoka milangoni kutazama. Karl alikuwa amelazwa kwenye meza ya jikoni. Shangazi zake wawili walikuwa wakimwosha kwa maji ya siki. Mbavu zote za upande mmoja zilikuwa zimeingia ndani, vidole vya mkono mmoja vimevunjwa kimoja kimoja, na uso sikuweza kuutazama mara ya pili. Bertha alimgeuza kichwa mwanawe kwa mikono miwili, polepole, kama anayemgeuza mtoto aliyelala. Nyuma ya sikio palikuwa na ile alama iliyopinda kama mwezi mchanga.

"Hii unaijua," akamwambia meya.

Meya akasema, "Naijua."

"Uliijua siku zile?"

Mmoja wa shangazi alimrushia meya kitambaa chenye maji ya damu kikampiga kifuani, naye hakukiondoa. Alitembea kurudi mjini na doa lile kwenye shati, na mimi nyuma yake.

Baraza la madiwani lilikuwa likikutana alasiri hiyo kuzungumzia mabomba. Meya aliagiza mkuu wa polisi aitwe. Grissom alikuja na askari wawili, mmoja wao Otto Behrens, kijana mwembamba aliyekuwa zamu mahabusu.

"Lete beji," alisema meya.

Grissom alitabasamu kidogo. "Kwa lipi?"

"Umemuua Karl Niemeyer. Na ulimuua baba yake."

"Mahakama ilisema sikumuua. Wewe ndiye uliyeiambia iseme hivyo." Akasogea hadi kwenye meza. "Na mimi ofisini kwako nilikuambia kila kitu, wakili. Nilikuambia hata alivyotoa sauti. Hukudai beji siku ile. Uliniambia nivae shati jeupe."

Madiwani walianza kusogeza viti vyao nyuma.

"Lete beji, Lute."

Grissom alichomoa rungu na kumpiga kwa mkono wa chini kwenda juu. Nilisikia taya likivunjika. Lilitoa sauti kama kuni kavu. Meya aliangukia viti, akainuka akitapika damu na meno, akamrukia Grissom kiunoni, wote wawili wakapasua meza ya katibu. Madiwani walikuwa chini ya meza nyingine. Mimi nilimtupia Grissom chupa ya wino ikampata begani, na hivyo ndivyo vita yangu yote ilivyokuwa. Grissom alikuwa juu ya meya, akimpiga kichwani, mara ya pili, mara ya tatu, ndipo Otto Behrens alipomwekea mdomo wa bastola shingoni.

"Acha, mkuu," alisema Otto, huku akilia. "Acha. Nimemwona Karl. Siwezi kuona mwingine."

Kesi ya pili ya Lute Grissom ilisikilizwa majira ya kuchipua. Otto alieleza aliyoyaona mle mahabusu, na hilo pengine lingetosha. Lakini Bwana Vandeveer alitaka kutoa ushahidi. Taya lake lilikuwa limefungwa kwa waya, akizungumza kupitia meno aliyobaki nayo. Jaji alimwonya kwamba aliyoambiwa na mteja wake ni siri ya mteja, na wakili anayeitoa siri hiyo atapoteza leseni.

"Naelewa, mheshimiwa."

"Basi shuka."

Hakushuka. Alisema, kwa sauti ile iliyosagika, kwamba mwaka 1911 Grissom alimwambia amempiga Emil Niemeyer akiwa amekusudia kumuua, na kwamba yeye alijua hivyo alipomuuliza mjane kuhusu vidole. Wakili wa Grissom alikuwa akipiga kelele. Jaji aliwaamuru wazee wa baraza wasahau waliyoyasikia. Walimhukumu Grissom miaka kumi na mitano.

Leseni ilichukuliwa kabla ya mwezi kwisha. Wiki iliyofuata watu wa Grissom walitupa baruti kwenye veranda ya meya. Ione alikuwa akimwagilia maua. Alipona, lakini masikio hayakupona, na alihamia kwa dada yake Davenport. Mumewe alimtembelea Jumapili, wakaandikiana maneno kwenye ubao wa shule. Umeya aliuacha mwenyewe. Otto Behrens alikutwa kando ya reli amepigwa bomba la chuma kichwani. Aliishi, lakini hakuwahi tena kukumbuka jina la mtaa wake.

Ndipo mahakama ya rufaa ilipotoa uamuzi wake. Ilisema wazee wa baraza walisikia maneno wasiyopaswa kuyasikia, ya wakili dhidi ya mteja wake, na hukumu haiwezi kusimama. Kesi ianze upya. Kuanza upya kulimaanisha Otto, na Otto alikuwa amekaa kwenye kiti jikoni kwa mama yake akitazama mkono wake. Grissom aliachiwa.

Bertha alimkuta Bwana Vandeveer dukani akinunua viazi. Nilikuwapo. Hakupaza sauti.

"Ulipofunga mdomo alitoka," alimwambia. "Ulipoufungua ametoka. Sasa nikuombe nini, bwana?"

Bwana Vandeveer aliacha viazi kwenye mizani, akaenda zake.

Grissom alirudi Corley mchana mmoja wa Agosti kuchukua vitu vyake. Angeweza kumtuma mtu. Alishuka kwenye feri, akapanda Barabara ya Mtoni katikati kabisa, akiwa amevaa suti mpya, na watu wakawa wanafunga milango. Bwana Vandeveer alikuwa kwenye ngazi za posta. Aliinuka, akamwendea, akampiga ngumi ya kushoto usoni.

Ilikuwa ngumi nzuri lakini moja tu. Alikuwa na zaidi ya miaka arobaini na taya la waya. Grissom alimwangusha, akamkanyaga mkono, akaanza kumpiga mateke ya kiunoni, akihesabu kwa sauti kama anayecheza. Wakati huo king'ora cha chakula cha mchana kikalia, na wakata vifungo wakatoka getini, mamia, weupe kwa vumbi la maganda. Walisimama. Walikuwa wanawachukia wote wawili. Nadhani wengi wangekaa tu watazame.

Aliyesogea wa kwanza ni mzee Cass. Hakuwa amezungumza na mwanawe tangu siku ile ya uani. Alikwenda hadi kwa Grissom, akamshika ukosi, akasema, "Huyu nampiga mimi tu." Grissom alimpiga kiwiko, mzee akaanguka, na baada ya hapo walimwangukia wote. Kwa ngumi, kwa viatu, kwa visanduku vya chakula, kwa mikono iliyojaa maganda. Suti ilichanika. Alipiga kelele kwa muda, kisha akaacha. Mtu alileta kamba ya mashua.

Bwana Vandeveer alitambaa katikati ya miguu yao, akamlalia Grissom juu.

"Toka, Vidole," walisema. "Toka au tukuunge naye."

"Msimuue," alisema. Ilibidi wanyamaze ili wamsikie. "Atakayemuua atanyongwa. Na mimi siruhusiwi tena kumtetea."

Hakuna aliyecheka, lakini kamba haikusogea. Bertha alikuwa amefika kutoka duka la mikate, na mkononi alikuwa na ule mwiko mrefu wa kutolea mikate kwenye tanuri. Watu wakampisha. Alimwambia Bwana Vandeveer, "Ondoa kichwa chako." Naye akakiondoa. Alimpiga Grissom usoni mara moja tu, kwa ubapa, kwa nguvu zote za mikono ile iliyokanda unga miaka ishirini. Jicho la kushoto liliondoka. Bertha alisimama akihema.

"Basi," akasema. "Mpelekeni feri. Nina mikate ndani." Akarudi.

Walimtupa kwenye feri kama gunia, na Corley hakuonekana tena. Mkuu wa polisi wa wilaya alikuja kuuliza nani alimpiga. Wote, pamoja nami, tulimwambia jua lilikuwa kali na hatukuona vizuri.

Yale mateke hayakumwacha Bwana Vandeveer. Figo zake ziliharibika, na miaka iliyobaki alikojoa damu. Aliishi chumba cha nyuma cha nyumba yangu, na watu waliokuwa na kesi walikuja verandani kwangu, wakakaa, naye akawaambia wanyamaze lini na waseme nini. Cass alikuja siku moja na mfuko wa samaki wa kukaanga. Walikula bila kuzungumza. Akawa anakuja kila Ijumaa.

Alikufa mwaka 1931. Tulimzika mchana, tukarudi kanisani kula nyama ya nguruwe na saladi ya viazi, na diwani mmoja wa zamani akasimama kusema kwamba Corley haijapata meya kama huyu. Mkata vifungo aitwaye Ruprecht akamjibu kutoka meza ya pili, "Ashukuriwe Mungu."

"Umesema nini?"

"Nimesema alimcheka mjane akamlea muuaji. Na tuta lenu linavuja."

"Alivunjwa taya kwa ajili yenu, mshenzi wewe."

"Alivunjwa na mbwa wake."

Diwani akamrushia sahani. Ruprecht akapita juu ya meza. Mchungaji aliyejaribu kuwaachanisha alipasuliwa mdomo, na kwa muda mfupi nusu ya ukumbi ilikuwa sakafuni ikipigania marehemu, wengine wakimtetea, wengine wakimlaani, na nyama ya nguruwe iko chini ya viatu. Bertha Niemeyer, ambaye hakuna aliyemtarajia, alisogeza kiti chake kidogo asikanyagwe, akaendelea kunywa kahawa.

Mzee Cass alikuwa amekaa karibu yangu. Aliwatazama kwa makini, kama anayepima kazi ya vijana.

"Yule Ruprecht haweki mguu vizuri," akasema, akanisogezea sahani yake nimkatie kipande kingine cha keki.